Usiing'arishe: namna ya kuisoma sarafu kuukuu ya Uingereza

Kuna senti kumi za Afrika Mashariki, za shaba, zenye tundu katikati, zilizofuliwa mwaka 1936 na kuandikwa jina EDWARDVS VIII. Jina hilo ni la Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, aliyeushika ufalme Januari 20, 1936 na kuuacha Desemba 11 mwaka huohuo ili amwoe Wallis Simpson. Nchini kwake hakuna raia aliyewahi kurudishiwa chenji ya peni yenye jina lake. Sarafu za nyumbani zilipangwa kutoka mwaka 1937, na mfalme alipoondoka zilikuwa bado kwenye majaribio. Zetu ziliwahi. Zilikuwa na tundu, hazikuhitaji sura ya mfalme, jina lilitosha. Kwa hiyo mchuuzi wa Mwanza au Kisumu aliishika fedha ya mfalme ambaye mwenye duka wa London hakuwahi kuishika fedha yake.

Suala la sura nalo lilikuwa na mvutano wake. Tangu zama za Charles wa Pili, kila mfalme wa Uingereza huelekeza uso wake kinyume na aliyemtangulia. George wa Tano aliangalia kushoto, hivyo Edward alipaswa kuangalia kulia. Akakataa, akitaka upande wake wa kushoto ndio uonekane. Majaribio machache yenye sura hiyo yakabaki yamefungiwa. Mwaka 2020 pauni moja ya dhahabu kati ya hizo iliuzwa kwa pauni milioni moja. Senti kumi yetu yenye jina la mfalme yuleyule unaweza kuipata kwa fedha kidogo sana, kwa sababu zilifuliwa kwa mamilioni.

Nimeanza na mfalme huyu kwa sababu anatenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya wanapokuta sarafu za zamani nyumbani. Historia tamu ni jambo moja, na bei ni jambo jingine. Hata umri hausemi mengi. Ziko peni za Malkia Victoria zenye zaidi ya miaka 150 ambazo hazizidi bei ya kikombe cha kahawa mjini London, na ziko peni za katikati ya karne ya 20 zinazogombewa mnadani. Kinachoamua ni mwaka, herufi ndogo iliyo karibu na mwaka, na hali ya sarafu yenyewe. Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo lililonivutia niandike.

Kwanza tukumbushane fedha zenyewe. Hadi Februari 15, 1971, pauni ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na shilingi ilikuwa na peni 12, yaani peni 240 kwa pauni. Kulikuwa na robo peni, nusu peni, peni, vipande vya peni tatu na peni sita, shilingi, florini ya shilingi mbili, nusu krauni ya shilingi mbili na peni sita, na krauni ya shilingi tano. Juu kabisa ilikaa pauni ya dhahabu, gramu 7.98 za dhahabu ya karati 22, yenye Mtakatifu George akipambana na joka, mchoro wa Mwitaliano Benedetto Pistrucci wa mwaka 1817.

Wasomaji wa pwani wanaijua pauni hiyo vizuri kuliko wanavyodhani. Ndiyo iliyotundikwa kwenye mikufu ya mabibi Zanzibar, Mombasa na Muscat, ikatolewa harusini na kurithishwa. Ukipata nafasi, itazame chini ya lenzi, upande wa farasi, kwenye ardhi iliyo juu kidogo ya mwaka. Ukiona herufi S, ilifuliwa Sydney. M ni Melbourne, P ni Perth, C ni Ottawa nchini Kanada, SA ni Pretoria. Ukiona I, umeshika pauni ya Bombay, na Bombay ilifua pauni mwaka mmoja tu, 1918. Isipokuwa na herufi yoyote, kwa kawaida ni ya London. Herufi hiyo ndogo inaweza kubadili kila kitu: pauni ya mwaka 1917 iliyofuliwa Perth au Sydney ni ya kawaida, lakini ya mwaka huohuo ya London ni adimu mno, maana sehemu kubwa ilipelekwa ng'ambo wakati wa vita ikaishia kuyeyushwa. Ndiyo maana za kughushi zenye mwaka huo si haba.

Herufi za namna hiyo zipo pia kwenye peni. Royal Mint, kiwanda cha serikali ya Uingereza cha kufulia sarafu, ilipozidiwa na kazi, iliviomba viwanda viwili vya Birmingham viisaidie. Peni za 1912, 1918 na 1919 zenye H kushoto mwa mwaka zilitoka kiwanda cha Heaton, na zile za 1918 na 1919 zenye KN zilitoka King's Norton. Za KN zikiwa katika hali nzuri ni ghali. Herufi hizohizo, H na KN, zimo kwenye senti zetu za 1936. Wakati wa Vita vya Pili, I ya Bombay na SA ya Pretoria zikaingia kwenye senti na shilingi za Afrika Mashariki. Anayejifunza kuisoma peni ya Uingereza amejifunza pia kuisoma ndururu ya babu yake.

Sasa tuje kwenye hali ya sarafu. Wauzaji wa Uingereza hutumia herufi ambazo utaziona katika kila orodha ya bei: F, VF, EF na UNC. F ni sarafu iliyotumika sana lakini sehemu zake kuu bado zinasomeka. VF imetumika kidogo. EF imegusa mikono ya watu kwa muda mfupi tu, na dalili za kusuguka zinaonekana pale palipoinuka zaidi. UNC haijatumika kabisa. Chini ya F kuna madaraja ambayo wakusanyaji huyakubali kwa sarafu adimu peke yake. Kwenye karatasi maelezo haya ni mepesi. Kazi inaanza sarafu ikiwa mkononi.

Tuchukue peni ya Victoria iliyotoka kati ya 1860 na 1894. Mwaka 1860 Uingereza iliacha peni nene za shaba tupu ikahamia kwenye mchanganyiko wa shaba asilimia 95, bati 4 na zinki 1. Leonard Charles Wyon alimchora malkia akiwa kijana, nywele zimefungwa kisogoni. Upande wa pili ameketi Britannia, mwanamke mwenye kofia ya vita, ngao na mkuki wa ncha tatu. Peni hii ina gramu 9.45 na upana wa takriban milimita 31. Ni kubwa, kwa hiyo kila jeraha linaonekana.

Anza na nywele zilizo juu ya sikio, maana sehemu hiyo imeinuka na ndiyo inayolika mapema. Nywele zikiwa zimetengana moja moja hadi hapo, na lenzi haionyeshi bapa lolote, uko EF au juu yake. Zikiwa zimeanza kuungana juu ya sikio lakini pembeni bado zinahesabika, ni VF. Zikiwa zimekuwa donge moja lenye mistari michache, ni F. Kisha geuza. Mtazame Britannia kwenye kofia, kifuani, na kwenye goti. Vazi la vita kifuani mwake lina michoro midogo inayopotea haraka sana. Mara nyingi utakuta upande mmoja umechakaa kuliko mwingine, na hapo Waingereza wana desturi ninayoipenda: hutoa daraja mbili, moja kwa kila upande, zikitenganishwa na mstari. VF/EF maana yake malkia amechoka kuliko Britannia. Mnunuzi anaambiwa ukweli wote.

Peni ya UNC nayo ina daraja zake za ndani. Ilipotoka kiwandani iling'aa rangi nyekundu ya machungwa. Hewa huigeuza kahawia polepole, hata kama haijaguswa. Muuzaji makini atasema ni kiasi gani cha ule mng'ao wa asili kimesalia, na bei itafuata. Peni ya Victoria ya mwaka wa kawaida katika F inaweza kuuzwa kwa pauni chache tu, ilhali peni ya mwaka huohuo ambayo haijatumika, ikiwa na mng'ao wake, ikauzwa kwa zaidi ya pauni 100. Tofauti yote hiyo imo kwenye kina cha unywele.

Mtu anayeangalia kuchakaa peke yake atadanganyika akifika kwa George wa Tano. Sura yake, iliyochorwa na Mwaustralia Bertram Mackennal, ilikuwa kubwa na ya kina. Muhuri wa chuma ulipoigonga sarafu, kichwa cha mfalme kilivuta metali nyingi, na upande wa pili Britannia akakosa ya kutosha. Katika peni nyingi za miaka ya 1911 hadi 1926 utamwona Britannia hana uso, kifua kimefifia, na kivuli cha kichwa cha mfalme kinajitokeza hafifu mgongoni mwa sarafu. Mgeni ataiita F na kuiweka kando. Mzoefu ataangalia mng'ao wa uwanja wa sarafu, ataona haujakatika popote, atajua Britannia huyu alizaliwa hivyo. Kiwanda kilirekebisha sura mwaka 1926, kisha kikaipunguza ukubwa 1928, na tatizo likaisha. Peni chache za 1926 zenye sura iliyorekebishwa sasa zinatafutwa kwa udi na uvumba.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa kazi hii. Kupanga daraja ni kueleza kilichoipata sarafu: nini kilitokana na mashine, nini kilitokana na mifuko ya watu, na nini kilitokana na mkono wa mtu mmoja aliyetaka kuipendezesha. Mambo hayo matatu yanafanana kwa macho ya haraka. Mwanga wa taa moja, ukiizungusha sarafu polepole chini yake, unayatenganisha. Mng'ao wa asili huzunguka na mwanga kwa mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kila mahali kwa wakati mmoja, bila uhai, na lenzi itakuonyesha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja.

Sarafu za kabla ya 1662, zilizogongwa kwa nyundo, zina hukumu yake. Hazikuwa duara kamili hata siku zilipotoka, na nyingi zilikatwa kingo na watu walioiba vipande vya fedha. Ukatwaji huo ulizidi kiasi kwamba mwaka 1696 nchi nzima iliamua kufua upya fedha zake za zamani, na Isaac Newton akaajiriwa Royal Mint mwaka huohuo. Anayeanza aziache kwanza.

Wamarekani wana njia nyingine. Mwaka 1949 mwanasaikolojia William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za mwanzo za nchi yake, akazipa daraja kwa namba 1 hadi 70. Tangu miaka ya 1980 kampuni za PCGS na NGC zinaitumia mizani hiyo kwa sarafu za dunia nzima: sarafu inafungiwa kwenye boksi gumu la plastiki lenye namba yake, na kuanzia 60 hadi 70 zote hazijatumika. Sarafu nyingi za Uingereza sasa zinauzwa zikiwa kwenye maboksi hayo. Faida yake ni kwamba mnunuzi aliye mbali anapata uhakika kuwa sarafu si ya kughushi. Hasara ni kwamba namba moja inafunika pande mbili, na watu wananunua namba badala ya sarafu. Muuzaji wa London anayesema EF huwa mkali kuliko wengi wanavyodhani, na kampuni ya Marekani huweza kuiweka sarafu hiyohiyo karibu kabisa na zisizotumika.

Sheldon mwenyewe ana habari ya kusikitisha. Baada ya kifo chake mwaka 1977 ilibainika kwamba alikuwa akibadilisha senti katika hazina ya American Numismatic Society mjini New York, akichukua nzuri na kuacha za daraja la chini. Picha za zamani za sarafu hizo ndizo zilizomfichua, maana kila sarafu ina alama zake ndogo. Ndiyo sababu kila mkusanyaji anashauriwa kupiga picha za pande zote mbili.

Kuhusu fedha nyeupe, miaka miwili inafaa kukaririwa. Hadi 1919 shilingi na nusu krauni za Uingereza zilikuwa na fedha asilimia 92.5. Bei ya fedha ilipanda baada ya Vita vya Kwanza, na kuanzia 1920 ikashushwa hadi asilimia 50. Kuanzia 1947 hakuna fedha ndani yake kabisa, ni shaba na nikeli. Nusu krauni ina gramu 14.14. Ya 1919 ina zaidi ya gramu 13 za fedha halisi, ya 1946 ina kama gramu 7, na ya 1947 haina kitu. Sonara anayenunua kwa uzito analijua hilo. Asichokitazama ni kwamba nusu krauni ya 1905 ya Edward wa Saba ilifuliwa 166,008 tu, na kuiyeyusha ni hasara kubwa. Kwa kuwa ni adimu, nayo inaghushiwa, hivyo mizani ya sonara na lenzi lazima vitangulie fedha yako.

Maarufu kuliko zote ni peni ya 1933. Mwaka huo benki zilikuwa na peni za kutosha, hazikuhitajika mpya. Zikafuliwa chache tu, zinazojulikana hazifiki kumi, baadhi kwa ajili ya kuwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo mapya, kama ilivyokuwa desturi. Moja iliwekwa chini ya jiwe la kanisa la St Cross, Middleton, mjini Leeds. Mwaka 1970 wezi walilichimbua jiwe wakaondoka nayo, na haijapatikana hadi leo. Wako waliobadilisha tarakimu ya mwisho ya peni nyingine ili ionekane 1933. Lenzi huwaumbua: metali iliyochongwa na kubandikwa ina mshono. Na kwa peni yoyote ya kabla ya 1992 sumaku inatosha kwa hatua ya kwanza, kwani shaba haivutwi na sumaku, na peni za Uingereza zilianza kuwa za chuma cha pua kilichopakwa shaba mwaka huo wa 1992 ndipo zikaanza kuvutwa.

Nimekuwa nikizunguka jambo moja, sasa niliseme wazi. Kosa linaloua sarafu nyingi katika nyumba zetu ni usafi. Ndimu na majivu, ukwaju, dawa ya meno, poda ya kung'arishia masufuria: vyote hivi hula ngozi ya juu ya sarafu pamoja na uchafu wake. Rangi ya kahawia ya shaba na weusi wa fedha ni kinga iliyojijenga kwa miongo. Ikiondolewa hairudi kwa dawa yoyote, na hakuna mkusanyaji atakayeilipa sarafu hiyo bei ya daraja yake. Mafuta ya vidole tu ndiyo yanayoweza kutolewa, kwa asetoni safi bila kusugua, na hata hapo ni bora kazi hiyo ifanywe na mtu anayeijua. Kutoboa ni kubaya zaidi. Pauni iliyowahi kuunganishwa pete ya mkufu kwa risasi ya sonara itabaki na kovu ukingoni, na wauzaji huitaja kwenye maelezo na kupunguza bei, ingawa dhahabu yake haijapungua.

Pwani ina adui mwingine, nao ni unyevu wa chumvi. Sarafu za shaba zikikaa Tanga au Lamu kwenye kopo wazi huota kutu ya kijani inayochimba. Vifuko laini vya plastiki vya bei rahisi navyo hutoa utelezi wa kijani baada ya miaka. Tumia bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, weka kila sarafu peke yake, tia ndani ya boksi linalofungika vizuri pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Shika sarafu kwa kingo, kamwe usiguse uso wake.

Anayetaka kuanza hahitaji fedha nyingi. Lenzi ya kukuza mara kumi, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na kitabu kimoja kizuri. Kinachotumika zaidi ni orodha ya kila mwaka ya sarafu za Uingereza ya Spink, ambayo mizizi yake ni orodha iliyoanzishwa na Seaby mwaka 1929. Hata toleo la miaka ya nyuma linafaa kwa kujifunza, bei tu ndizo zitakazokuwa zimepitwa. Chagua sarafu ya aina moja, mathalani peni za George wa Tano, tazama nyingi kabla ya kununua hata moja, na unapompata muuzaji anayeandika kasoro za sarafu zake bila kuulizwa, usimwache.

Na kama nyumbani kwenu lipo kopo la sarafu za mzee aliyekuwa baharia au askari wa KAR (King's African Rifles), lishushe leo kutoka darini. Usizioshe. Andika kwenye karatasi aliyezileta, alitoka nazo wapi na mwaka gani, ukimuuliza aliye hai anayekumbuka. Soma mwaka na herufi za kila moja kabla hazijafika kwa sonara, kwa sababu zikishayeyushwa hakuna tena cha kusoma.